Fidele Alivyofunga Nyumba Kwenda Likizo

Kitongojini kwetu, nusu saa kwa pikipiki kutoka Kibondo mjini, mtu akionekana na begi tunamuuliza nani kafa. Akisema hajafa mtu, tunauliza nani anaoa. Akisema hakuna anayeoa, basi ana kesi, au ana ugonjwa ambao hataki kuutaja mbele za watu. Sababu za safari tunazozijua zinaishia hapo. Fidele Nkunzimana, fundi baiskeli, ndiye aliyetuletea sababu ya tano, na kidogo ahamishe kitongoji kizima.

Ilianza kwa simu. Binti yao Irakoze anafundisha Mwanza, na mwezi wa tano alimpigia mama yake akamwambia: "Mama, shule zikifungwa mwezi wa sita mje kwangu. Wewe na baba, wote wawili. Siku kumi, kupumzika tu."

"Kupumzika na kufanya nini?" Akimana akauliza.

"Kupumzika basi, mama. Hamfanyi kitu."

Tiketi akakata yeye. Jumamosi, basi la saa mbili asubuhi.

Akimana ana miaka hamsini na mbili. Katika ndoa yake hajawahi kupikiwa chai ya asubuhi ila mara moja, siku aliyojifungua huyo huyo Irakoze, na Fidele akaunguza sufuria. Kuanzia simu ile, mama wa watu alibadilika. Anatwanga muhogo huku anatabasamu. Anabeba maji na kuimba. Alimwambia mumewe, "Baba Irakoze, mimi hii safari nikiikosa, utanizika. Sitanii. Utanizika na utalipia jeneza."

Fidele akasema hawatakosa. Ila nyumba lazima iandaliwe kwanza, na watu wasijue, maana wezi wana masikio.

Sasa hapo ndipo shida ilipo, na kama hujakaa huku huwezi kuiona haraka. Huku kwetu nyumba haiachwagi tupu. Mke akienda msibani, mume anabaki. Mume akilazwa hospitali, mke anabaki, anatuma uji kwa jirani. Mara moja tu ndipo mume na mke wanatoka pamoja na kuziba nyumba nyuma yao, na hiyo ni siku ya kukimbia. Wengi wetu hapa tulivuka mpaka kutoka Burundi tukiwa vijana. Leo ni raia, tuna mashamba, tunachangishwa madawati kama Watanzania wengine, lakini jicho halijasahau. Jicho likiona mume anatoa vitu na mke anatoa vitu, miguu inaanza kuwasha yenyewe.

Halafu ni Fidele. Angekuwa mtu mwingine tungeweza kunyamaza. Lakini Fidele mwaka tisini na tatu, kijana wa miaka ishirini na nne, alitoka kilimani kwao siku ya Jumanne akasema anaenda kununua chumvi. Alhamisi nchi ikachafuka, watu wote wakakimbia. Walipofika upande huu wakamkuta ameshajenga kibanda, amekaa mlangoni, anakula. Tangu hapo tunamwangalia. Fidele akinunua kamba, na sisi tunaulizia kamba. Akitazama juu mara mbili, tunaanua mahindi.

Jumatatu alfajiri alipita na mbuzi wake watatu, anawapeleka kwa shemeji yake Nyabibuye. Tukamuona.

Jumanne mchana alichimba shimo kwenye migomba akafukia spana zote, pampu, na sanduku la vifaa. Mama Maximilla, mjane jirani yake, akamuuliza juu ya ua, "Fidele, unafukia nini?"

"Napanda parachichi."

"Mwezi wa sita? Ardhi hii kama kigae?"

"Ni parachichi la kiangazi."

Maximilla akaingia ndani, akatoka tena, akaanza kuhesabu kuku wake.

Jumatano Fidele alikuja kwangu na mlango kichwani. Mlango wa nyumba yake, wa mninga, na bawaba zake zinaning'inia. Akauegemeza ukutani, akafuta jasho.

"Nishikie huu siku kumi."

"Unauza?"

"Hapana. Naulinda."

"Fidele, mlango si ndio unalinda nyumba?"

"Na mlango unalindwa na nani?" Akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekalia ubao. "Ndani mle kuna nini cha kuiba? Vitanda vya kamba na vyungu. Kitu cha thamani ni mlango. Mwizi akija, mlango ndio wa kwanza kukutana naye."

Mimi darasa la saba sikulimaliza. Tukausukuma chini ya kitanda changu. Mke wangu alisema kitu ambacho siwezi kukiandika.

Basi nyumba ikabaki wazi kama mdomo. Alhamisi Fidele akaitafutia ile nafasi ya mlango dawa yake: akachukua matofali mabichi yaliyobaki alipojenga jiko, akakanda udongo, akajenga ukuta hapo palipokuwa na mlango, kutoka chini mpaka juu. Akaupiga lipu. Akachukua chokaa akapaka. Nyumba ikawa haina mlango kabisa, laini pande zote kama yai.

Akimana alikuwa kisimani. Aliporudi akazunguka nyumba yake mara mbili na ndoo kichwani.

"Baba Irakoze, tunasafiri lini?"

"Jumamosi."

"Leo ni lini?"

"Alhamisi."

"Kwa hiyo tunalala wapi?"

Fidele akamwonyesha dirisha.

Mama huyu, mke wa mtu, mwimbaji wa kwaya, siku mbili aliingia na kutoka kwake kwa dirisha, kiti nje na ndoo iliyopinduliwa ndani. Tulimuona, tukageuza uso kwa heshima. Yeye mwenyewe hakulalamika hata kidogo. Kila akiruka nje anasema peke yake, "Jumamosi iko karibu." Na sisi majirani tukisikia "Jumamosi", tunaangaliana.

Ijumaa asubuhi mwenyekiti wetu wa kitongoji, Ndayiragije, alitumwa na watu akaulize. Ni mtu mpole, ana koti moja la mikutano. Alilivaa.

"Mwakeye, Fidele," akamsalimia.

"Mwakeye, mwenyekiti."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Fidele. Nimekuja na koti."

Fidele akaona hana njia. Akashusha sauti. "Usimwambie mtu. Tunaenda likizo."

Ndayiragije akafikiri. "Likizo ni ya mtu mwenye kazi."

"Mimi si fundi?"

"Ndugu yangu, baiskeli yangu uko nayo tangu Pasaka. Wewe uko likizo siku zote na hujawahi kuziba mlango." Akamshika mkono. "Niambie ukweli. Umesikia nini redioni?"

"Redio nimeifukia."

Hilo neno ndilo lililotumaliza. Mwenyekiti alirudi amevua koti amelikunja kwapani. Tulikuwa tunamsubiri pale dukani kwa Adija. Akasema, "Anakana. Anasema likizo."

"Mwaka ule alisema chumvi," akasema Maximilla.

Hapo hapo kamba ziliisha dukani. Adija, ambaye wazee wake ni wa Ujiji na hajawahi kukimbia chochote isipokuwa mvua, alikuwa anatuuliza, "Jamani, mnaenda wapi? Nani kawafukuza?" Hakuna aliyejua. Tulinunua tu. Maximilla aling'oa muhogo ambao haujafika hata unene wa kidole. Mtu mmoja alishusha bati la choo. Na mimi ninayewasimulia, msinicheke, godoro langu lilikuwa juu ya baiskeli, limefungwa mafundo manne, na mlango wa Fidele nimeuegemeza kando nikijiuliza kama amana ya mtu inabebwa au inaachwa.

Jumamosi, jua ndiyo kwanza linachomoza, Twalibu wa bodaboda alikuja kutoka mjini kuwachukua. Akazima pikipiki mlangoni, yaani pale palipokuwa na mlango, akatazama. Uwanja wa Fidele ulikuwa umejaa. Kaya kumi na tisa, na magodoro, na kuku kwenye matenga, bibi mmoja amekalia kinu chake, wote wanaangalia dirisha.

"Oya, huu msafara wa nani?" Twalibu akasema. "Mimi nimeambiwa watu wawili. Mshikaki napiga, ila siyo mshikaki wa kata nzima."

Dirisha likafunguka. Ukatoka mguu wa Akimana, akafuata Akimana mwenyewe, amevaa gauni la kitenge na sweta. Akatuona. Akabaki ameketi juu ya dirisha, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Mana yanje," akamwita Mungu kwa Kirundi. "Nani kafa?"

"Tuambie wewe," akajibu mwenyekiti.

Nyuma yake likasukumwa begi, lile la plastiki kubwa la mistari tunaloita shangazi kaja, limevimba mpaka zipu inalia. Fidele akafuata. Akaanza kuziba dirisha na mabati na misumari kama vile hakuna mtu pale nje, nyundo inalia pa, pa, pa. Kila pigo, bibi wa kwenye kinu anajikuna.

Ndayiragije akasogea. "Fidele, tumekaa na wewe miaka thelathini. Kama kuna kitu kinakuja, tuambie, twende wote. Usituache tena kama mwaka ule."

"Hakuna kitu! Naenda kwa mtoto wangu! Kupumzika!"

"Hata ukikimbia ungesema hivyo hivyo."

"Sasa ningesemaje?"

"Kama ingekuwa kweli? Ungesema hivyo hivyo," mwenyekiti akakubali kwa huzuni.

Twalibu akaangalia simu. "Mzee, saa kumi na mbili na nusu imeshapita. Basi halisubiri mtu. Lile, dereva wake hata mkewe hamsubiri."

Akimana akaona safari inaondoka mbele ya macho yake. Akapiga makofi. "Haya, nisikilizeni. Mtu akikimbia anaacha mume? Haachi. Basi Fidele abaki hapa na nyie, mmuone. Mimi niende."

Fidele akageuka, misumari mdomoni.

"Mume anaachwaga," akasema Maximilla. "Mimi mwaka ule niliacha mume nikachukua mbuzi."

"Na akakupata?" mtu akauliza.

"Alinipata. Mbuzi ndiye aliyefurahi kumuona."

Watu wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyefungua kamba. Hapo Ndayiragije akapata wazo, na kwa mara ya kwanza tangu tumchague nikaona kura yangu haikupotea. Akasema, "Begi. Begi halidanganyi. Anayeenda kutembea anabeba nguo. Anayekimbia, sisi wote hapa tunajua anabeba nini. Fungueni begi."

"Fungueni!" Akimana akasema, amefurahi. "Fungueni hata sasa hivi. Nimepanga mwenyewe jana mchana. Vitenge vitatu, gauni la kanisani, kanga mbili, na viatu vya mbele ya watu. Fungueni mfunge midomo."

Fidele akasema, "Hapana, tutachelewa," kwa sauti ambayo hata kuku waliielewa.

Mwenyekiti akavuta zipu. Cha kwanza kutoka ni sufuria, ile kubwa. Ndani ya sufuria kuna kiberiti kimefungwa kwenye nailoni. Halafu jembe, bila mpini. Turubai limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Mbegu za maharage, kama kilo tatu, kwenye soksi mbili za shule. Chumvi. Kamba. Chini kabisa, shati moja la Fidele.

Watu hawakupiga hata kelele za "tulisema". Maana tulikuwa tunaangalia mizigo yetu wenyewe, na ilikuwa ni vitu vile vile, kwa mpango ule ule, sufuria juu, mbegu chini. Hata soksi.

"Nguo zangu ziko wapi?" Akimana akauliza polepole.

Fidele akatazama nyumba.

"Ziko ndani?"

"Hazikuenea."

"Umetoa nguo zangu ukaweka jembe? Tunaenda ghorofani, Fidele! Mtoto anakaa ghorofa ya pili! Unalima wapi, kwenye ngazi?"

Fidele akaangalia vile vitu chini kama vile vimeletwa na mtu mwingine. "Sikupanga hivyo," akasema. "Nilikuwa nasawazisha tu begi. Mikono ilipanga yenyewe."

Mimi namfahamu, hakuwa anadanganya. Mtu mzima amejiandaa wiki nzima kwenda kustarehe, na mikono yake ikampeleka kulekule.

"Mzee, zimebaki dakika arobaini," akasema Twalibu.

Na kaya kumi na tisa zikaanza kunyanyua mizigo. Sijui zinaenda wapi. Bibi akashuka kwenye kinu. Kama Fidele angepanda ile pikipiki wakati ule, tungemfuata mpaka stendi, na magodoro yetu, na mwenyekiti angetuongoza. Na kule stendi basi lingetukimbia sote, Akimana wa kwanza.

Akimana akachuchumaa. Akachukua sufuria, akamwekea Maximilla mikononi. "Shika. Utanitunzia. Ukipikia, isugue kwa majivu, usitumie mchanga."

"Mama Irakoze..."

"Shika!" Jembe akampa mwenyekiti. Turubai akamtupia mke wangu. Kiberiti, chumvi, kamba, hata shati la Fidele, anagawa kama mtu anayegawa sadaka kwa hasira. Akafika kwenye mbegu. Fidele ameshazikamata.

"Lete, baba Irakoze."

"Hizi hazina uzito."

"Mwanza hatulimi."

"Siku ya tano zinakuwa zimeota."

"Hatulimi!"

Wakavutana, soksi ikanyooka mpaka ikawa ndefu kama ya mchezaji mpira. Macho yetu yote pale. Akimana hakupiga kelele tena. Alisema chini, lakini nilikuwa karibu nikasikia: "Fidele, mimi miaka yote nimekufuata. Nimefuata na sufuria kichwani, nimefuata na mtoto mgongoni. Leo nifuate wewe, mikono mitupu. Siku kumi tu."

Vidole vikaachia kimoja kimoja. Mbegu akanipa mimi.

Likabaki begi. Akimana akalinyanyua akalipindua kichwa chini, akalikung'uta mbele ya watu. Likaanguka harage moja. Ndayiragije akaliokota, akalitazama, akalitia mfukoni. Kisha akachukua begi, akalipima mkononi, akaingiza kichwa ndani kabisa, akatoka.

"Wananchi," akasema, "mimi nimekimbia mara tatu katika maisha yangu. Hakuna mtu anayekimbia na hiki."

"Labda ndio ujanja wake mpya," akasema Maximilla, kakumbatia sufuria.

"Maximilla. Mtu ameacha mbegu."

Maximilla akaliangalia lile begi muda mrefu. Akaweka tenga la kuku chini. Sasa hapo ndipo mmoja akaanza kufungua kamba, na mwingine. Siyo wote. Kaya tatu zilisema zinasubiri kwanza, na zilikaa na mizigo imefungwa wiki mbili, wanachomoa sahani wakila na kuirudisha.

Akimana alikuwa ameshapanda nyuma ya Twalibu, begi tupu limekunjwa kwapani. "Unakuja au unabaki?" Fidele akapanda. Pikipiki ikaondoka kwa vumbi jekundu. Mke hakugeuka. Mume aligeuka mpaka kwenye kona, anahesabu madirisha.

Twalibu alituambia walilikuta basi limeshawasha injini. Kondakta akauliza mizigo iko wapi, wakasema hawana. Wanaenda siku ngapi? Kumi. Akawaangalia, akawapa siti ya nyuma kabisa. Akimana akakaa dirishani, akavua viatu, na kabla basi halijatoka mjini alikuwa anakoroma.

Siku ya nne, saa tisa mchana, nikamuona Fidele anakuja peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Nikamfuata hadi kwake. Alisimama mbele ya ule ukuta uliopakwa chokaa, akauzunguka, akaona hakuna kilichoibiwa maana hakuna palipoingilika.

"Mbona umerudi?"

"Sikulala. Nilikuwa nawaza nyumba iko peke yake." Akapapasa lipu. "Na kule hakuna kazi. Unakula, unakaa. Nikimuuliza Irakoze kuna baiskeli imeharibika, anacheka."

"Mama Irakoze?"

Badala ya kujibu akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya wazi nisikie. Iliita sana. Ikapokelewa na sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa.

"Mama Irakoze, nimefika. Nyumba nzima. Haikuguswa."

"Ego, ndiyo, vizuri."

"Kwa hiyo zile siku kumi... unarudi Jumanne ijayo?"

Nikasikia kitanda kinalia, mtu anageuka upande wa pili.

"Wewe uko hapo nyumbani?"

"Niko."

"Basi nyumba ina mtu," akasema Akimana. "Nitakuja mwezi wa saba." Akakata.